Vichupa Kwenye Friza ya Bi Tunu

Nesi akikuonyesha mahali pa kuweka dawa, iweke papo hapo. Usimfanyie ukarimu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua mama akishika karatasi kusoma, maji yanachemka au mtoto analia, anaiacha katikati. Basi hata akiiacha hapa, aondoke nalo hilo.

Sie yalitukuta Gongo la Mboto, mwaka tisini na nne, mwaka wa mgawo wa umeme. Mwanangu wa kwanza, Suhaib, alikuwa na miaka saba, na alizaliwa na siko seli. Mwenye mtoto wa namna hiyo hahitaji kuelezwa. Asiye naye nitamwambia tu kwamba mtoto anaamka mzima, anacheza gololi, jioni mifupa inamuuma mpaka anang'ata shuka. Na damu yake haikai. Ikipungua sana unakimbia naye hospitali, anaongezewa ya mtu mwingine. Suhaib alikuwa ameshaongezewa mpaka amezoea. Akiona chupa inatundikwa anamuuliza baba yake, "Leo ya nani?"

"Ya mwanajeshi," Mfaume anamjibu. "Kesho utaamka unapiga kwata."

Wanacheka wote wawili, mie nimeshika ukuta.

Zahanati yetu ilikuwa na siku yake ya watoto wa siko seli, kila Jumatano, na mwenye siku hiyo alikuwa nesi wetu, Sista Genoveva. Mhaya, mwembamba, sauti ya chini mpaka umsogelee. Akimwamkia mtu mzima anapiga goti kidogo kama walivyofundishwa kwao, na wazee wa huku walimpenda kwa hilo. Yeye ndiye aliyetuweka kwenye benchi akatueleza habari ya chanjo. Alisema damu wanayoongezewa watoto wetu inapimwa ukimwi, lakini homa ya ini haipimwi kila mahali, vifaa havitoshi. Mtu anaweza kuwa nayo kwenye damu miaka na miaka, anabeba magunia, anaoa, hajijui. Damu yake ikiingia kwa mtoto, homa inaingia nayo, inakaa kwenye ini, inalimaliza polepole. Sasa serikali imelipia chanjo yake, na wa kwanza kupewa ni hawa wanaoongezewa damu kila mara, maana hawa ndio walio hatarini kuliko wengine. Bure. Sindano tatu: ya kwanza, ya pili mwezi ukipita, na ya tatu mpaka miezi sita itimie.

"Moja peke yake haimkingi mtoto," alisema. "Msije mkaridhika na moja."

Pembeni yangu alikaa Tusajigwe, tunamwita Mama Daniel, Mnyakyusa mwenye swali kwa kila jambo. Mwanawe Daniel na Suhaib walikuwa wakilazwa pamoja mara kwa mara.

"Sista, siku hizi hata maji ya kunywa tunauziwa," alisema. "Hii ya bure ina nini ndani?"

"Ina sindano, Mama Daniel."

Benchi zima tukacheka, naye akacheka. Lakini swali lake halikuwa la upuuzi. Miaka ile zahanati za kulipia zilikuwa zinaota kila kona ya Barabara ya Pugu, ubao umepakwa rangi nzuri, dawa kwenye kabati la kioo. Kwenye zahanati ya serikali unaambiwa dawa zimekwisha, kanunue. Tena watu walishaona kwa macho yao vidonge vyenye mhuri wa serikali vinauzwa madukani. Kwa hiyo kitu cha bure tulikitazama kwa jicho la pembeni: ama ni kibovu, ama kuna mtu anakitoa kwa mlango wa nyuma.

Sindano ya kwanza walichomwa wote. Daniel alikimbia mpaka barabarani akarudishwa na mwanajeshi wa kambi ya jirani yetu, amebebwa begani.

Za pili zilikuja Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, mchana, na gari la afya lililokuwa na haraka. Hapo ndipo mambo yalipopinda. Friji la zahanati, lile la mafuta ya taa, lilikuwa limekufa wiki hiyo. Umeme nao ni wa mgawo, leo upo, kesho mpaka usiku. Mwezi tangu sindano ya kwanza ulikuwa unatimia Jumatano, na Jumatano ilikuwa mbali, katikati kuna Idd, na mwezi haujulikani utaandama lini. Sista akasema atazirudisha mjini, stoo, kesho yake alfajiri, sikukuu ikipita ataziomba tena.

"Zikirudi mjini hazirudi huku," Mama Daniel alisema. Tulikuwepo kina mama kama sita pale, na hakuna aliyembishia. Tulijua mjini kulivyo. Sista mwenyewe akauliza kama yupo mwenye friji linalowaka.

Ndipo jina la Bi Tunu likatajwa. Bi Tunu alikuwa Mzaramo, mjane, nyumba yake ukuta kwa ukuta na yetu. Marehemu mumewe alikuwa fundi kambini, na nyumba ile iliungwa kwenye laini ya kambi. Mtaa mzima ukizima, kwake taa inawaka. Kwa umeme huo alikuwa na friji kubwa jeupe, na kwa friji hilo alisomesha wajukuu: barafu za ubuyu, barafu za ukwaju, na mwezi wa Ramadhani mabonge ya barafu ya kupozea maji ya kufuturu. Siku ya Idd watoto wote wa mtaa na hela zao za sikukuu walikuwa wakiishia mlangoni kwake.

Tulikwenda wote, Sista mbele na kiboksi chake cha baridi, cha kubebea chanjo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Hao wote nyuma yako ni wagonjwa au wamekuja kufuturu?"

Tukamweleza. Hakungoja tumalize. "Watoto hawa hawa akina Suhaib? Sasa mnaomba nini, si mnafungua tu!"

Sista alifungua friji, akasogeza chupa za maji, akavipanga vile vichupa kwenye shelfu ya chini, katikati, mbali na ukuta wa friji. Alivipanga taratibu, kama mtu anayelaza vifaranga.

Bi Tunu alikuwa anatazama. "Huko chini hakuna baridi ya maana, mwanangu. Baridi yenyewe iko huku juu kwenye friza. Nitatoa barafu zangu."

"Hapana, Bi. Acha barafu zako. Hapa chini ndipo pake."

"Sikukuu isikutie haya. Watoto kwanza."

"Hapa hapa panafaa, Bi. Ahsante sana." Akapiga goti, akaaga.

Nyie mliokulia Pwani mtanielewa. Mgeni akikaribishwa chakula anasema ameshiba. Hata kama tumbo linalia, atasema ameshiba, ndiyo malezi. Na mwenyeji hasemi haya basi, anamletea maji ya kunawa. Mwenyeji anayemwachia mgeni "nimeshiba" yake ni mchoyo. Bi Tunu alikuwa amezaliwa na kuzeekea kwenye adabu hiyo. Sista alipotoka tu mlangoni, akanigeukia.

"Umemwona? Kaona haya kunitolea biashara yangu siku ya Idd. Ana malezi mazuri yule mtoto."

"Lakini Bi, amesema chini."

"Angesemaje? Aniambie mama mzima nimwage barafu zangu? Lete beseni, mwanangu."

Nikaleta beseni. Nililiona jambo jema, na mpaka leo sijaona ubaya moyoni mwa yule mama. Aliikomba friza yote. Barafu alizokesha akizifunga aliwagawia watoto wasiofunga, wakazila kwa pupa mpaka meno yakawauma. Mabonge akapeleka nyumba hadi nyumba wakati wa kufuturu, watu wanashangaa.

"Bi Tunu, leo kulikoni?"

"Nina wageni kwenye friji," anawajibu, amejaa furaha.

Siku ya Idd watoto walipanga mstari mlangoni na hela zao. Akawarudisha wote. "Friji langu wodi, nyie. Nendeni dukani kwa Kondo mkanunue mikate ya bofulo." Mie nilimpelekea pilau, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya friji, analilinda lisifunguliwe.

Jumatano asubuhi tulijaa uani kwake, watoto wamevaa nguo za sikukuu maana bado zilikuwa mpya. Sista akaja na kiboksi. Akafungua friji, akainama kwenye shelfu ya chini. Kulikuwa na chupa za maji tu.

"Bi, ziko wapi?"

"Ngoja, utafurahi." Bi Tunu akafungua friza. Vile vichupa alikuwa amevipanga juu ya kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, vimevaa ukungu wa barafu. Akachukua viwili akavigonganisha. Vikalia. "Unasikia? Mawe! Joto halikuvigusa hata nukta. Sikufungua hata siku ya Idd."

Sista alipokea kimoja. Akakitazama. Halafu akakaa kwenye kile kigoda cha Bi Tunu bila kukaribishwa, yeye ambaye hakai mpaka aambiwe mara mbili.

"Zimeganda," alisema.

"Zimeganda sana, mwanangu!"

Alituambia kwa ile sauti yake ya chini, ikabidi tusogee. Zipo dawa zinazovumilia kugandishwa. Chanjo hii haivumilii. Joto likizidi inaharibika, lakini ikiganda inakufa papo hapo. Mama Daniel akasema si iyeyushwe basi.

"Ikiyeyuka inarudi kuwa maji, Mama Daniel. Hairudi kuwa dawa."

"Nyama inagandishwa, samaki anagandishwa, tunakula na tunapona njaa. Dawa imekuwa nani?"

Sista akakifumbata kichupa kiganjani mpaka kikayeyuka. Akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga. Mwanzoni kilikuwa cheupe. Tulipongoja kidogo, tuliona vitu kama machicha ya nazi vinashuka chini, na juu yanabaki maji. "Mnaona? Ningeweza kuwachoma hivi hivi. Mngerudi nyumbani mmefurahi, na watoto wangekuwa hawana kitu mwilini."

Bi Tunu alikuwa bado ameshika kile kichupa kingine. "Mie nimewaulia watoto dawa?"

"Hapana, Bi. Kosa ni langu. Nilikwambia pa kuweka, sikukwambia kwa nini. Niliona si adabu kumfundisha mtu mzima ndani ya nyumba yake."

Hayo aliyasema wazi, mbele yetu sote. Akavikusanya vichupa, akasema ataviandikia taarifa viharibiwe, na leo hii hii ataagiza vingine. Tuvumilie. Akaondoka na kiboksi, na watoto wakafurahi kwa kuwa hawakuchomwa.

Ingeishia hapo tungekuwa tumepoteza dawa tu. Dawa ingekuja nyingine. Mama mwenzangu, lililotumaliza lilikuja jioni.

Mfaume alirudi kutoka kwenye mitumba yake, nikamsimulia. Aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo zimekufa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na maiti kaondoka nazo yeye." Akacheka. "Zimekufia kwa Bi Tunu, kesho zitafufukia zahanati ya kulipia. Mie niko sokoni, mke wangu. Najua bidhaa inavyoharibika mbele ya mwenyewe na kupona kwa mwingine."

Lilikuwa neno la kuchekesha, na kwa sababu lilichekesha lilikimbia. Kufika kesho yake jioni mtaa mzima unalisema: zimefufukia wapi? Mama Daniel alinijia amekasirika kabisa. Wanaume wakakaa, wakasema nesi kamwaga haki ya watoto, au kaiuza, yote ni mamoja, na kwamba ofisi ya afya lazima ijue. Mie nilikuwa ndani na Suhaib, mwili unamchemka. Nilisikia kila kitu dirishani. Nilikuwa nimeyaona yale machicha kwenye kichupa kwa macho yangu, nikajiambia wanaume wanajua zaidi mambo ya ofisini.

Walikwenda ofisini, Mfaume, baba Daniel na wengine. Bi Tunu aliposikia alivaa buibui lake akawafuata peke yake kwa miguu. Aliporudi alinisimulia ukutani, hakuingia hata ndani.

"Nimewaambia ni mie. Nimewaambia nesi alisema chini, mie nikaweka juu. Unajua yule bwana wa ofisi ya afya alinijibuje? Bibi, tunajua unamwonea huruma, nenda kapumzike. Wakacheka, mwanangu. Na mumeo alicheka."

Sista Genoveva alihamishwa kabla masika hayajaanza. Alipita kuaga kwa Bi Tunu. Kwetu hakupita.

Sasa sikiliza. Vichupa vingine vilikuja kweli. Alikuwa ameviagiza siku ile ile kama alivyoahidi. Gari la afya lilisimama zahanati, dereva akashusha kiboksi. Friji la mafuta lilikuwa limeshatengenezwa. Lakini aliyekuwepo alikuwa nesi mpya, na nesi mpya alikataa kukigusa.

"Hiyo ni ile chanjo ya siko seli? Ya hawa watu? Siipokei. Kesho wataniambia naiuza."

Bi Tunu aliona gari likiwa limesimama. Alikuwa ameacha shelfu ya chini tupu tangu Idd, hata chupa ya maji haweki. Alikwenda akamsihi yule nesi, akamwambia atazilinda yeye, safari hii atafanya kama anavyoambiwa. Nesi akamjibu kwa heshima kwamba hapana, mama. Kiboksi kikapandishwa garini, kikarudi mjini. Na siku ya Jumatano ya watoto wa siko seli ikafutika hivi hivi, tukaambiwa tuje siku yoyote pamoja na wagonjwa wengine.

Mvua zikanyesha, mbu wakaja, Suhaib akashikwa na malaria. Kwa mtoto wa siko seli malaria haichezi. Asubuhi alikuwa anakunywa uji, alasiri viganja vyake vimekuwa vyeupe kama karatasi. Tulifika hospitali akiwa hawezi kunyanyua kichwa. Daktari akasema aongezewe damu sasa hivi.

Nikamuuliza, "Imepimwa homa ya ini?"

Alinitazama, nadhani hakutegemea swali hilo kwa mwanamke aliyevaa kanga moja na ndala mguu mmoja. "Mama, tumepima tunachoweza kupima. Ukitaka tungoje, tungoje. Lakini huyu hangoji."

Nikasema aongezewe. Ningesema nini? Leo ukiniuliza nitajibu vile vile. Hapo sijuti. Kama angekuwa na sindano zake ningekaa pale nasoma dua moja tu, apone. Nilikuwa nasoma mbili, apone, na ile damu iwe safi. Suhaib alipofumbua macho akamtafuta baba yake.

"Leo ya nani?"

Mfaume akamfunika shuka mpaka kifuani. "Lala, baba," akamwambia.

Alipona. Akarudi kwenye gololi zake. Miezi ikapita, mie nikaanza kusahau. Halafu akawa hali, anasema tumbo linauma upande wa kulia. Macho yakawa ya njano, lakini macho ya watoto hawa ni ya njano siku zote, tumezoea kutaniwa nayo, kwa hiyo sikushtuka. Hili nalo lishike: njano ikizidi ile uliyoizoea, nenda. Usiseme ni ile ile. Mie nilisema ni ile ile mpaka mkojo wake ukawa kama chai ya rangi.

Walimpima. Homa ya ini, ile ile tuliyohubiriwa kwenye benchi. Daktari alieleza kwamba wapo wanaoishi nayo mpaka uzeeni, na wapo ambao ini linachakaa wakiwa wadogo, na ini la mtoto wa siko seli lina kazi nyingi hata kabla ya ugonjwa. Daniel alichomwa zote tatu. Mama yake alimhamishia kwa dada yake Kinondoni mwaka ule, huko wakazikuta. Simwonei kijicho, Mungu ni shahidi, mtoto wake ni kama wangu. Ila nikimwona Daniel anapita na mpira namtazama muda mrefu kuliko inavyopasa.

Siku ya tatu Mfaume akafunga meza yake ya mitumba, akaenda kuuliza kwa watu wa zahanati mpaka akajua Sista Genoveva yuko wapi. Alikuwa upande wa Mwananyamala, kwenye zahanati moja ndogo. Tukaenda wote wanne: mie, Mfaume, Suhaib, na mdogo wake Nusaiba ambaye hana siko seli, namshukuru Mungu, ila analala godoro moja na kaka yake na mswaki wanaibiana.

Njia nzima Mfaume alikuwa anasogeza midomo, anapanga maneno. Tulipofika, Sista alikuwa anaandika. Akainua uso.

"Sista," Mfaume akaanza, "mie ndiye yule..."

"Nakukumbuka, Baba Suhaib. Kaeni. Mtoto hajambo?"

Mfaume akamsogeza mtoto mbele. Akakaa.

Sista alimlaza Suhaib, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, taratibu. Akasoma karatasi ya hospitali.

Nikamwambia, "Sista, zile sindano zilibaki mbili. Nimezifuata hizo. Achomwe sasa, hata kama imechelewa. Hata ikibidi kulipa tutalipa."

"Si za kulipa, Mama Suhaib, ni za bure vile vile." Alinishika mkono. "Lakini chanjo inatangulia. Ugonjwa ukishaingia haiutoi. Nikimchoma namuumiza tu."

Nilijua. Nafikiri nilikuwa nimejua tangu hospitali, ila nilitaka nisikie kwa yule ambaye hakutudanganya mara ya kwanza.

Akaniuliza Nusaiba ana miaka mingapi. Akasema walio nyumba moja na mwenye ugonjwa huu nao wamewekwa kwenye mpango, kwa hiyo mtoto achomwe leo, na sie wazazi tupimwe. Akafungua friji lake. Vichupa vilikuwa shelfu ya chini, katikati, mbali na ukuta. Akatoa kimoja, akakitikisa, akampa Mfaume akishike kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama, Baba Suhaib. Kuna kitu kinashuka?"

Mfaume alitazama. Akakigeuza, akatazama tena. "Hakuna," alisema.

Nusaiba alilia kabla ya sindano, akalia wakati wa sindano, akanyamaza alipopewa pamba aishike mwenyewe. Nilipogeuka, Suhaib alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka begani, akaukunja vizuri usishuke, na uso ameshaugeuzia ukutani asiione sindano.

"Mie nipo tayari," alisema.

Sista akanitazama. Mie nikamtazama Mfaume. Mfaume akachuchumaa mbele ya mwanawe, akaanza kuuteremsha ule mkono wa shati, pindo kwa pindo.

"Wewe leo hapana, baba."

"Kwa nini?" Suhaib aliuliza. "Si mie ndiye mgonjwa?"